Ugonjwa Mmoja, Karatasi Moja

Fundi alikamatwa jikoni, ushahidi ukiwa bado ulimini. Hakuwa na pa kukimbilia. Mbele yake kabati, nyuma yake mkewe, na mlangoni mwanawe wa pekee, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Muhtasari, amesimama mikono kiunoni kama karani wa mahakama aliyeamka na njaa.

"Fungua mdomo, Baba."

Fundi akatikisa kichwa.

"Baba, sukari haitafunwi kimyakimya. Tumekusikia tangu uani."

"Nasaga meno," Fundi akasema, na punje kadhaa zikamporomokea kidevuni. "Uzee huu."

"Uzee gani unaotoa punje nyeupe kwenye ndevu?"

Mama akacheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni upande wa mashtaka, akafunga mdomo. Mumewe alikuwa na kisukari mwaka wa tatu sasa. Vidonge alimeza, chumvi alipunguza, hata pombe, ambayo hakuwahi kuwa na uhasama nayo, aliiaga kwa heshima. Lakini sukari! Sukari ilimshinda. Alikuwa seremala, na maisha yake yote alipiga randa akiwa na kikombe cha chai tamu pembeni, chai nzito ambayo kijiko kingesimama chenyewe bila kushikwa.

"Hukumu," akasema Muhtasari. "Kuanzia leo kabati lina kufuli."

"Kabati langu?" Fundi akauliza. Na kweli lilikuwa lake. Alilitengeneza mwenyewe kabla hata ya kuoa, akalipeleka ukweni likiwa limebebwa na watu wanne, na wakwe walipoliona walisahau maswali mengine yote waliyokuwa wamepanga kumuuliza; lilirudi pamoja na bibi harusi.

Muhtasari akaenda kwenye sanduku la vifaa la baba yake, akatoa kekee, akaishika kama mtu anayeshika kuku wa jirani. Akaielekeza kwenye mlango wa kabati. Ubao ukalia. Fundi akavumilia. Ubao ukalia tena, vibaya zaidi, na kijiufa kikaanza kuchungulia.

"Lete hapa!" Fundi akafoka. "Utanipasulia mlango, mjinga wewe. Toka."

Akamnyang'anya kekee. Akapima kwa dole gumba, akatoboa, akakaza komeo kwa skurubu moja baada ya nyingine, akapitisha msasa pale palipokwaruzwa, akapuliza vumbi. Akarudi nyuma hatua moja kutazama kama limekaa sawa. Lilikaa sawa.

"Kazi ikifanywa, ifanywe," akasema. Hapo ndipo akakumbuka ni kazi ya nini.

Mama akafunga kufuli, akauvika ufunguo kamba, akautundika shingoni. Wafungwa ni wengi duniani, lakini wachache wamejengewa jela kwa mikono yao wenyewe na kuipigia msasa.

*

Jina la Muhtasari halikutoka hewani. Kijana huyu alizaliwa na haraka. Ukimsimulia kisa, anakimalizia kabla hujafika katikati. Alipomaliza sekondari na fedha za kuendelea zikawa hazijamaliza kutafutwa, alipata kazi katika steshenari iliyokuwa ng'ambo ya chuo cha afya, na huko kipaji chake kikapata mwajiri.

Wanachuo wa afya walikuwa na vitabu vizito kama matofali na usingizi mzito kuliko vitabu. Walichotaka ni ufupi. Mwenye duka, mtu mnene aliyeitwa Bosi Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa na rangi ya ngozi, aliwasikia. Akaanzisha bidhaa: kila ugonjwa kwenye karatasi moja, upande mmoja, ndani ya plastiki ngumu isiyolowa wala kukunjika. Maana yake, dalili, vipimo, matibabu. Juu kabisa, kwa herufi nono, tangazo la duka.

"Ugonjwa mmoja, karatasi moja," Bosi Wino aliimba kila asubuhi. "Ukienda upande wa pili, tumekuwa kitabu. Na vitabu wanavyo."

Muhtasari ndiye aliyepunguza na kuchapa. Pumu ilikubali. Kifafa kilikubali. Shinikizo la damu lilibishabisha, likakubali. Kisukari kilikataa. Kila alipokibana, mistari michache ilibaki chini ikining'inia nje ya karatasi kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.

"Bosi, hiki hakiingii."

"Kata."

"Nikate wapi?"

"Mimi ni daktari? Kata panapokatika."

Muhtasari akatazama aya ya mwisho. Ilianza hivi: *Kwa mgonjwa anayetumia sindano, familia ifahamu kwamba.* Hakufika mbali zaidi ya hapo. Nyumbani kwao mgonjwa alitumia vidonge; sindano ilikuwa habari za watu wengine. Akabonyeza kitufe, aya ikatoweka, na karatasi ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Iliuzwa sana, ile ya kisukari. Nakala moja aliipeleka nyumbani akaigongomea kwenye mlango wa kabati, juu ya kufuli. Kisha akafanya ziara ya mtaa. Alipita kwa muuza duka, akapita kwa muuza soda, akamalizia kwa rafiki mkubwa wa baba yake, fundi viatu aliyeitwa Kisigino.

"Mzee Kisigino, ukimpa baba kitu kitamu, umemuua."

"Niapishe," akasema Kisigino, na kwa kuwa hakukuwa na kitabu kitakatifu karibu, aliweka mkono juu ya kiatu cha mteja na kuapa.

*

Siku moja Fundi alitumwa kununua kiberiti. Dukani kulikuwa na foleni ya watoto waliotoka shule. Akaagiza kiberiti, na mkono wake mwingine ukateleza polepole juu ya meza hadi kwenye pakiti ya biskuti, kama mkono wa mtu anayejinyoosha tu.

"Kiberiti sawa," akasema muuza duka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hiyo rudisha, mzee. Mwanao ametukataza."

Watoto wakageuka. Mmoja akasema, "Babu anaiba biskuti!" wakaangua kicheko, na mwenye makamasi kuliko wote akacheka kuliko wote.

Fundi alirudi nyumbani akakaa kwenye benchi lake la kazi bila kugusa chombo. Muhtasari alipofika jioni alimkuta hapo.

"Milango ya mtaa huu, nusu nimeitengeneza mimi," Fundi akasema. "Hata wa duka lile. Leo nafukuzwa na biskuti mkononi."

"Baba, ni kwa faida yako."

"Faida ni yangu. Aibu ni ya nani?"

Muhtasari akataka kutania, kama kawaida yake. Alikuwa na utani mzuri tayari, juu ya biskuti na jela. Akamtazama baba yake usoni, akaumeza. Lakini kufuli halikutoka.

*

Vidonge vikaacha kufua dafu. Fundi akawa anakojoa usiku kucha na kunywa maji kama mchanga, na wakaenda zahanati, baba na mwana, wakakaa kwenye benchi refu hadi matako yakapoteza habari.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu aliyelala juzi. Akapima, akatikisa kichwa, akasema vidonge basi, sasa sindano. Akaonyesha namna ya kuvuta dawa, namna ya kubana ngozi ya tumbo. Muhtasari akajaribu mara moja, akaweza. Mikono yake ilikuwa myepesi.

"Achomwe asubuhi, na akichomwa ale. Asikae bila kula. Sawa?" Daktari akafungua droo kutafuta kitu. "Sasa, kuna mambo ya hatari lazima muyajue kuhusu sindano hizi..."

Mlango ukasukumwa. Muuguzi akaingiza kichwa: "Daktari, yule mama wa mapacha ameanza." Nyuma yake foleni ilinung'unika kama mzinga.

Daktari akashika kipaji cha uso. "Haya mambo mnayajua lakini?"

"Daktari," Muhtasari akasema, akitabasamu lile tabasamu lake la nusu mdomo, "ugonjwa huu mimi nauchapa. Zile karatasi wanazosomea wanafunzi wenu, za plastiki, unazijua? Mkono wangu huu."

Binti akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe ni wewe! Umetuokoa wengi. Basi umenipunguzia kazi."

"Mimi sijui," akasema Fundi.

Wote wawili wakamgeukia, kama vile kiti kimezungumza.

"Mimi ndiye ninayechomwa. Niambieni mimi."

Daktari akamtazama, akautazama mlango. "Mwanao atakueleza, mzee wangu," akasema kwa upole, na akawa ameshatoka.

Njiani Fundi aliuliza, "Haya, nieleze."

"Nyumbani, Baba. Jua kali."

Na nyumbani Muhtasari alimwonyesha karatasi kwenye mlango wa kabati. "Yote yako hapo."

Fundi akavaa miwani, akasoma kutoka juu hadi chini, midomo ikitembea. Akarudia. "Hapa hakuna neno sindano," akasema.

"Si matibabu ni yaleyale, Baba? Kupunguza sukari. Dawa inabadilika, sukari ni ileile."

*

Wiki chache zilipita salama, na usalama ndio uliowalevya.

Asubuhi yenyewe Mama aliondoka mapema kumtazama dada yake aliyekuwa mgonjwa upande wa pili wa mji. Alifunga kabati kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango wa choo, akaondoka na ufunguo wake shingoni. Aliacha viazi vya kuchemsha kwenye sahani na chai ya rangi, chungu kama ukweli.

Muhtasari akamchoma baba yake. Kisha akasogeza sahani.

"Sili," akasema Fundi.

"Baba."

"Jana nimekaa na Kisigino. Anakunywa chai yake, ananipa mgongo. Rafiki yangu wa miaka yote! Ananipa mgongo ili nisinuse. Mmenifanya mwizi hadi wa harufu. Leo sili."

"Daktari alisema ukichomwa ule."

"Sindano umenichoma, sawa. Chakula huwezi kunichoma." Akasukuma sahani kwa kidole kimoja. "Leteni kijiko kimoja. Kimoja tu kwenye chai. Nitakula viazi, nitakula na sahani yenyewe."

"Ufunguo kaenda nao Mama."

"Basi na mimi nitakula akirudi nao."

Muhtasari akatazama saa. Bosi Wino alikuwa akikata mshahara kwa uchelewaji kama anavyokata karatasi, kwa mashine na bila huruma. Kijana akafikiri haraka, na kufikiri haraka ndiko kulikompa jina. Mgonjwa ana sukari nyingi. Sukari inatoka kwenye chakula. Asiyekula, sukari yake itapanda kwa ngazi gani? Kususa huku, akajiambia, kutakuwa dawa juu ya dawa. Akafunika sahani kwa kawa.

"Njaa ikikushinda, viazi viko hapa. Ukaidi hauna vitamini, Baba."

Fundi hakucheka.

*

Yaliyofuata Muhtasari aliyapata baadaye, kipande kwa kipande, na kila aliyemsimulia alianza kwa kusema, "Mimi nilidhani..."

Kisigino alidhani ni uchu. Fundi alimjia akitokwa jasho kama mtu aliyebeba jiwe, na vidole vinamcheza. "Nipe chai yako," akasema. Kisigino akafunika kikombe kwa soli ya kiatu. "Rafiki yangu, nimeapa." Fundi akamtukana, tusi la mama, tusi ambalo katika urafiki wao wote halikuwahi kupita kati yao hata kwa utani. Kisigino akaumia moyo, akainama kwenye kazi yake ili asimwone akiondoka.

Muuza duka alidhani ni ulevi. Mzee alisimama mbele ya meza akiomba kitu ambacho jina lake halikutoka, akinyoosha kidole kwenye rafu ya juu. Ulimi ulikuwa mzito. Akamsindikiza nje kwa kumshika bega.

Na steshenari, saa ambayo wanachuo hufurika kabla ya vipindi vya mchana, mlango ulifunguliwa na Fundi akaingia, shati limelowa, vifungo vimefungwa kombo, kiatu kimoja.

"Sukari," akasema. "Wewe. Nipe sukari."

Mtu mmoja akacheka puani.

Muhtasari akahisi masikio yanawaka. Hawa ndio wateja waliomwita Dokta. Akatoka nyuma ya kompyuta, akashusha sauti. "Baba, hapa ni kazini. Usinifanyie hivi hapa."

Fundi hakumsikia, au alimsikia kutoka mbali. Macho yake yalizunguka chumba, yakatua juu ya meza, kwenye chupa ya soda ya mwanachuo mmoja wa kike, imefunguliwa, imenywewa kidogo. Akaikamata kwa mikono yote miwili. Karatasi zikamwagika sakafuni. Bosi Wino akapiga kelele, "Kopi za watu!"

Chupa ilikuwa imefika mdomoni. Iligusa midomo. Muhtasari akaruka, akamshika baba yake kifundo cha mkono, na wakavutana, mzee aliyekuwa akitetemeka na kijana aliyekuwa na aibu. Aibu ikashinda. Soda ikamwagika kifuani kwa Fundi. Akainamisha kichwa, akaanza kulinyonya shati lake.

Hakuna aliyecheka tena.

"Ana kisukari?" akauliza yule mwanachuo wa kike.

"Ndiyo. Na anajua kabisa haruhusiwi."

Mwanachuo akachomoa karatasi yake ya plastiki, mpya, akapitisha kidole. "Kutetemeka... hakumo. Jasho... halimo. Kuchanganyikiwa. Kuchanganyikiwa kumo, hapa: sukari ikipanda sana. Mpeni maji mengi, apelekwe hospitali." Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu anayefaulu.

Wakampa maji. Akanywa glasi ya kwanza. Ya pili ilimwagika, kwa sababu alikuwa ameanguka, na mwili mzima ukaanza kujikunja na kujinyoosha sakafuni kati ya karatasi.

"Kifafa!" mwingine akasema, akachomoa ya kifafa. "Msimtie kitu chochote mdomoni!"

Wakatii. Walimzunguka, wanafunzi wa afya na mchapaji wao, na mtu hakumtia kitu chochote mdomoni.

*

Mkokoteni wa muuza maji ndio uliompeleka zahanati. Muhtasari alikimbia kando akikishikilia kichwa cha baba yake kisigonge mbao.

Daktari alikuwa binti yuleyule. Akachoma kidole cha mzee, akasubiri mashine isome, akaisogeza karibu na macho kana kwamba imekosea.

"Amekula?"

"Hajala tangu asubuhi."

"Sindano?"

"Nilimchoma, kama ulivyosema."

"Mmempa kitu kitamu chochote?"

"Hapana, Daktari! Hata chembe." Muhtasari alikuwa anahema, na katika kuhema kwake, Mungu amsamehe, mlikuwa na majivuno. "Mtaa mzima tumeudhibiti. Alipora soda ya mtu, nikamnyang'anya mdomoni."

Binti akasimama, bomba la sindano mkononi. Ilikuwa pumzi moja tu. Kisha akamgeukia mgonjwa, akatafuta mshipa, akasukuma ndani maji ya sukari, mazito, bomba zima, na jingine, na akatundika chupa. Muhtasari aliyasoma maandishi ya chupa ile mara kadhaa. Hata yeye, msomaji wa haraka, hakuelewa.

"Hiyo ni sukari," akasema.

"Ndiyo."

"Mnampa sukari."

"Imeshuka hadi karibu imekwisha. Dawa inaivuta chini, yeye hajala. Ndiyo hatari niliyotaka kuwaambia siku ile. Anatetemeka, anatoka jasho, anatukana watu: mpe sukari hapohapo. Kijiko. Soda. Chochote." Hakuwa amemtazama bado. "Kwenye ile karatasi yako si imo?"

Muhtasari akaona kidole chake juu ya kitufe, siku ile ya kuikata aya.

"Haikuingia," akasema.

"Na nilikuuliza kama mnajua."

"Uliniuliza ukiwa mlangoni."

"Ukasema unajua."

Nje foleni ilinung'unika. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha lawama, na hakuna aliyetaka kubadilishana na mwenzake.

Mama alifika jioni, ameambiwa njiani na watu wanaopenda kuwa wa kwanza. Hakupiga kelele. Aliweka mkono kifuani kuushika moyo, mkono ukakutana na ufunguo. Akauvua kamba na kuutupa kwenye ndoo ya takataka ya zahanati, pamoja na pamba zenye damu.

*

Fundi aliamka, lakini si Fundi mzima. Ubongo, daktari aliwaeleza, safari hii polepole, wao watatu wakiwa wamekaa, Mama ndiye anayeangaliwa, ubongo chakula chake ni sukari. Ukikosa kwa muda mrefu, sehemu nyingine hufa njaa. Mikono yake ilikuwa mizima. Alitembea. Alikula alichopewa. Ila aliwatazama watu kwa adabu ya mgeni, na mkewe alimwita "mama wa hapa".

Kisigino alileta kopo zima la sukari, akaliweka mezani, akalia mbele ya watu bila kujificha. "Nilifunika kikombe," alirudia. "Kwa kiatu." Fundi akampigapiga bega, kama unavyompoza mtu usiyemjua aliyefiwa na mtu usiyemjua.

Muhtasari alirudi kazini kwa sababu sasa mwenye kipato alikuwa yeye peke yake. Siku ya kwanza aliifungua karatasi ya kisukari, akairudisha ile aya. Miguu ikaning'inia tena. Akalitazama tangazo la duka lililokaa juu kwa herufi nono, akalifuta. Aya ikaingia, na nafasi ikabaki.

Kesho yake tangazo lilikuwa limerudi.

"Kijana," akasema Bosi Wino, wala hakusema kwa ubaya, "pole na ya nyumbani. Kweli pole. Lakini tangazo hilo ndilo linalokulisha. Na wateja wameizoea ile."

"Bosi, ile inaua."

"Inafaulisha. Waulize."

Basi Muhtasari akawa anangoja Bosi atoke. Anachukua karatasi kabla hazijavishwa plastiki, anaandika nyuma kwa kalamu, kwa mkono, aya nzima, kuanzia *Kwa mgonjwa anayetumia sindano* hadi nukta ya mwisho. Mwanachuo wa kwanza aliyeuziwa aliigeuza, akaisoma nusu.

"Hii ya nyuma inakuja kwenye mtihani?"

"Hapana."

"Basi nipe ambayo haijachafuliwa."

*

Jumapili moja Mama alikuwa anapika chai. Kabati lilikuwa wazi, kama lilivyokuwa wazi kila siku tangu kufuli livunjwe, na kopo la sukari lilikaa mezani bila kifuniko. Fundi alikaa mbele ya kopo hilo. Hakuwa ameliomba. Toka arudi hakuwahi kuiomba sukari hata mara moja. Ukimtilia anakunywa, usipomtilia anakunywa.

Akainuka, akaenda kwenye kabati. Akaufunga mlango, akaufungua, akasikiliza bawaba. Kidole gumba kikatembea juu ya ubao, taratibu, kikafika kwenye komeo ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuling'oa. Kikasimama hapo.

"Nani kafunga hili?"

Mama akaacha kukoroga. Muhtasari, aliyekuwa mlangoni palepale aliposimama siku ya hukumu, akasema, "Ni wewe, Baba."

"Mimi?" Uso wa mzee ukafunguka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu zahanati. Akainama karibu, akachunguza vichwa vya skurubu, vyote vimelala sawa na chuma. "Kazi safi. Hata ufa haupo." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nilikuwa namfungia nani?"

Mama akachukua sufuria, ikiwa bado haijachemka, akatoka nayo uani.

Muhtasari akabaki. Mtu aliyeweza kuutia ugonjwa wowote kwenye karatasi moja alitafuta pa kuanzia, na kila alipoanza aliona jibu ni refu, na kila lilipokuwa refu aliona hakuna pa kukata. Fundi alimngoja kwa adabu. Kisha akasahau kwamba aliuliza, akageukia tena komeo, akaendelea kulipapasa kwa dole gumba, juu, chini, pembeni, kama afanyavyo fundi mwenye wivu na kazi ya mwenzake, akitafuta kasoro asiione.